Maji Yangu Yalikuwa Mabichi

Leo naomba tuweke pembeni magauni na piko, niwasimulie habari ya samaki wanne waliokufa dukani kwangu, na siku 43 nilizokaa naangalia tangi la maji lisilo na samaki hata mmoja. Najua mtasema, mshona magauni na samaki wapi na wapi? Nivumilieni mpaka mwisho, maana humu mna jambo la mabibi harusi pia.

Duka langu liko Nanganga, Wilaya ya Masasi, pale njia inapogawana, moja inakwenda Ndanda na Masasi mjini, nyingine inakwenda Ruangwa. Nashona na kukodisha magauni ya harusi. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Unguja kwa shangazi yangu, nikasoma ushonaji huko, ndipo nikarudi nyumbani kufungua biashara. Siku moja nikiwa Unguja nilipeleka gauni kwenye nyumba ya watu wenye nafasi, na sebuleni nikakuta tangi la kioo la maji ya bahari, samaki wanazunguka kwenye mawe. Bibi harusi alikuwa amelia tangu asubuhi. Alipokaa mbele ya lile tangi alinyamaza mwenyewe, nikampima bila tabu. Nikasema moyoni, inshaallah na mimi siku moja chumba changu cha kupimia kitakuwa na kitu hiki.

Huku kwetu bahari iko mbali, lakini mume wangu ni dereva wa lori. Msimu wa korosho anapeleka mzigo bandarini Mtwara na kurudi na gari tupu. Akanipatia tangi la lita 200 kwa mtu aliyekuwa anahama, pamoja na pampu na chujio, akaniletea na maji ya bahari kwenye madumu ya lita ishirini. Mama yangu, mzaliwa wa Newala, alishika kiuno. Yeye alikulia juu ya uwanda usio na mto wala kijito, enzi ambazo wanawake walishuka bondeni na kupanda tena mlima na ndoo kichwani. Akaniuliza, "Maji watu tuliyashukia bondeni, wewe unayaweka kwenye kioo uyatazame?"

Ilikuwa Novemba, korosho zimeshaanza kulipwa, na kwetu pesa ya korosho ikiingia ndipo harusi zinapofuatana. Nilikuwa na haraka. Alhamisi nikajaza maji. Yalikuwa meupe, unaona mpaka ukuta wa nyuma. Jumamosi mume wangu akaja na ndoo yenye vifuu wanne aliowanunua kwa mvuvi, wale samaki weusi wenye doa jeupe, wadogo kama kidole gumba. Nikawaweka, nikapiga picha, nikatuma kwa kila mtu.

Jumatatu mmoja alikuwa juu ya maji anahema mdomo wazi. Jumanne amekufa. Jumatano asubuhi wamekufa wawili wengine. Saa nne akaingia mteja na binti yake kupima gauni, na yule samaki wa mwisho akawa anaanguka upande upande mbele ya macho yao. Yule mama akasema, "Hii si dalili nzuri kwa mwanangu," akamshika binti mkono, wakaondoka. Sisi Waislamu hatuamini mikosi, lakini gauni lile sikulishona mimi.

Wateja huja na kuondoka, na riziki ni ya Mwenyezi Mungu. Kilichonikosesha usingizi ni wale samaki. Tangu madrasa tunafundishwa habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, alimfungia ndani, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutie. Mimi niliwafungia viumbe wanne kwenye maji yenye sumu nikawapiga picha. Nilikuwa sijui, ni kweli. Lakini sikuuliza pia.

Aliyenipa jibu la kwanza ni Mama, naye hajawahi kufuga samaki. Aliangalia lile tangi akasema, "Maji yako mabichi, mwanangu."

Nikamuuliza maji mabichi ndiyo yapi. Akaniambia kwani muhogo mchungu unapotoka shambani si mweupe? Si unapendeza kuliko hata huo mtamu? Lakini ukiupika hivyo hivyo unakuua. Sharti uumenye, uuloweke au uuvundike, uukaushe, ndipo usage. Kinachofanya kazi ni siku. Mnakumbuka, au mmesikia, kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukame ulibana mkoani kwetu Mtwara, na baadhi ya watu wakapata ugonjwa wa konzo, miguu ikakakamaa kwa sumu ya muhogo ambao haukuandaliwa vya kutosha. Hawakuwa wajinga wale. Njaa ndiyo iliyowanyima siku. Mimi sikuwa na njaa, nilikuwa na haraka tu.

Basi nikakaa na simu nikasoma usiku baada ya usiku, na maneno ya Mama nikayakuta humo humo, ila kwa lugha nyingine.

Samaki anapopumua na kujisaidia anatoa amonia. Chakula kinachobaki kikioza nacho kinatoa amonia. Baharini maji ni mengi na viumbe wa kuimaliza wapo. Kwenye tangi jipya inakusanyika, na inaunguza mashavu ya samaki, ndiyo maana wangu walikuwa wanahema juu. Kwenye maji ya bahari amonia ni kali zaidi, kwa sababu maji yale si ya asidi, kipimo chake ni kama 8.2 hivi, na kadiri kipimo hicho kinavyopanda ndivyo amonia inavyozidi kuua. Haina rangi. Maji yanabaki meupe pe.

Dawa yake ni bakteria. Kuna kundi la kwanza linalokula amonia na kutoa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili linakula naitraiti na kutoa naitreti, ambayo samaki wanaweza kuivumilia ikiwa kidogo, na unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Mwanasayansi Mrusi, Sergei Winogradsky, alizichunguza bakteria hizi kwenye udongo na kuzitenga mwaka 1890. Hazikai sana kwenye maji yenyewe, zinaganda kwenye mawe, kwenye mchanga na ndani ya chujio. Tena zinazaliana taratibu mno. Zile za kuchachusha uji zinaongezeka ndani ya dakika, hizi zinataka saa nyingi, hata siku nzima, ziwe mara mbili. Ndiyo maana tangi jipya linangojewa wiki nne hadi sita, wakati mwingine nane, kabla hujaweka samaki.

Nikajiona mjinga, maana jambo hili lipo kwenye kazi yangu kila siku. Kitambaa cha pamba hukati kikitoka dukani. Unakilowesha kwanza, unakianika, kinywee kinavyotaka kunywea, ndipo ushike mkasi. Ukikata kabla, gauni litamkaa vizuri siku ya harusi, na likifuliwa mara ya kwanza litambana kwapa. Wateja wangu nawakatalia haraka hiyo. Mwenyewe sikujikatalia.

Msimu ule nikaliacha tangi kavu. Nikaanza upya wiki moja kabla ya Ramadhani.

Safari hii nilitaka mawe. Nilisoma kwamba Lee Chin Eng, mtu wa Indonesia, mwaka 1961 aliandika jinsi alivyofuga viumbe wa miamba nyumbani kwa mawe yaliyotoka baharini na viputo vya hewa tu, bila mitambo mingi. Lakini matumbawe hai mimi sichukui, na nawaomba na nyie msichukue. Ni wanyama, wanakua polepole, sheria inawalinda, na pwani yetu imeteswa vya kutosha na baruti za wavuvi na joto la bahari la mwaka 1998 lililoyafanya matumbawe mengi kuwa meupe na kufa. Ndiyo maana huko kwenu Unguja kuna Chumbe, na huku kwetu tangu mwaka 2000 kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma. Mimi nilipata mawe makavu ya matumbawe ya kujengea, aina ile ile iliyojengea nyumba za kale za Mikindani. Nikayasugua kwa brashi bila sabuni, nikayasuuza, nikayapanga juu ya mchanga, nikajaza maji, nikawasha pampu.

Kisha nikatumbukiza kamba mmoja aliyekufa, yule wa kupikia. Ndiyo, aoze. Bakteria hawaji pasipo na chakula, na yule kamba anatoa amonia bila kiumbe hai kuteseka.

Binamu yangu aliyeko Muscat alinitumia vichupa vya kupimia. Unachukua maji kidogo, unatia matone, unasubiri rangi. Amonia ikiwa haipo rangi ni ya njano, ikiwepo inakuwa kijani. Naitraiti ikiwa haipo ni bluu ya mbinguni, ikiwepo inakuwa zambarau. Nikaandika kwenye daftari lile lile la vipimo vya wateja, kiuno cha bibi harusi juu, amonia chini.

Siku ya 4, kijani hafifu. Siku ya 12, kijani cha mwarobaini, na harufu ya mnada wa samaki ndani ya chumba cha magauni. Niliwasha udi asubuhi na jioni. Siku ya 16, zambarau ya kwanza. Nilifurahi mpaka mume wangu akauliza kuna nini, nikamwambia, "Sumu ya pili imeingia!" Akaniangalia tu.

Siku ya 21 umeme ukakatika baada ya tarawehe. Hapa ndipo nilipotaka kukata tamaa, kwa sababu bakteria hawa wanataka hewa. Pampu ikisimama muda mrefu wanakufa, na siku zote 21 zinarudi sifuri. Nikachukua kata ya plastiki, nikawa nachota maji na kuyamwaga kutoka juu yachanganyike na hewa, nachota namwaga, gizani, na nguo za Idd za watu zimerundikana kwenye cherehani zinanisubiri. Mama akaamka, hakusema neno, akanipokea kata. Tukapokezana mpaka wakati wa daku umeme uliporudi. Asubuhi nikapima kwa mkono unaotetemeka. Rangi zilikuwa pale pale. Alhamdulillah.

Siku ya 26 amonia ikawa njano kabisa. Nikadhani nimemaliza. Nikapima naitraiti, zambarau tupu, nzito kama wino. Nusu ya kwanza imekwisha, ya pili bado, na mtu asiyepima angeweka samaki siku hiyo.

Ni kwenye siku hizo alipokuja mwali mmoja, binti wa miaka ishirini na kitu, kupima gauni. Nikahi yake ilipangwa Idd pili. Mchumba alikuwa amekuja kuposa mwezi huo huo wa Shaabani. Alikaa mbele ya tangi akasema, "Dada, mbona tupu, na maji yako masafi?"

Nikamwambia masafi ndiyo, hayajaiva tu. Nikampimia mbele yake, akaona ile zambarau inavyopanda.

"Kumbe kinachoua hakionekani?"

"Hakionekani mpaka ukipime."

Akanyamaza. Nikaendelea kubana pini kiunoni. Kisha akasema polepole, "Na mtu, dada, unampimaje?"

Wapenzi, hili sijawahi kuliandika popote. Ndoa niliyo nayo ni ya pili. Ya kwanza niliolewa nikiwa na miaka 22, na kutoka posa mpaka nikahi zilikuwa wiki tatu. Alikuwa mpole, anaswali, nguo zake zimepigwa pasi. Maji meupe. Rafiki yangu alikuwa anaolewa mwezi uliofuata, na mimi nilitaka nimtangulie. Ndani ya miezi minane nilijua kwamba alikuwa na mke na watoto mji mwingine, na kwamba cherehani yangu hakutaka kuiona ndani ya nyumba yake. Mke wa pili si haramu, na wako wanaokubali kwa hiari zao. Lakini mimi nilikubali kitu nisichokijua. Na kitu kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hakusema uongo. Hakuna aliyemuuliza. Baba hakuuliza, mjomba hakuuliza, mimi sikuuliza. Tulikuwa tunachagua rangi ya sare.

Nikamwambia yule binti haya yote huku pini ziko mdomoni, labda ndiyo maana niliweza. Sikumwambia asiolewe. Nilimwambia istikhara iswaliwe, na watu wapelekwe kwao mchumba wakaulize. Ana madeni? Ana mke? Mtaishi wapi, na nani? Utafanya kazi? Kumwomba Mwenyezi Mungu muongozo na kuuliza watu, vyote viwili ni vyetu.

Baada ya siku tatu mama yake alinipigia simu, sauti kali, "Umemwambia nini mwanangu?" Nikadhani mteja mwingine huyo ameondoka. Binti alikuwa ameomba muda, na nyumba ilikuwa imewaka moto. Nilimwomba radhi yule mama kwa kuingilia, lakini maneno yenyewe sikuyafuta.

Idd ikafika, siku ya 38, naitraiti bado ina wekundu wa zambarau. Wageni waliokuja kula pilau wakanicheka, tangi la maji na mawe yaliyoota ukungu wa kahawia. Ukungu ule nao ni hatua, mawe yanaanza kuishi. Siku ya 42 vichupa vyote viwili vikasoma hakuna kitu. Sikuamini. Nikatumbukiza kipande kingine cha kamba kuwajaribu bakteria, kesho yake nikakitoa na kupima. Njano, na bluu ya mbinguni. Ilikuwa siku ya 43, tarehe sita ya Mfungo Mosi, nimefunga siku ya tano ya sita yangu. Nikabadilisha nusu ya maji.

Hata hapo sikuweka samaki. Nilianza na kome wawili na kaa mmoja mdogo, wale ukungu. Baada ya wiki mbili kifuu mmoja. Mmoja tu, kwa sababu bakteria wanaongezeka kulingana na kazi uliyowapa, ukiwaletea wanne kwa mpigo unarudi kule kule. Wa pili nilimleta baada ya mwezi. Wako hai mpaka leo ninapoandika, wananifuata nikipita na futi shingoni.

Kwa anayetaka kujaribu nyumbani, niache haya machache niliyolipia kwa roho za viumbe. Maji ya bahari yachotwe mbali na bandari na mdomo wa mto. Kipimo cha chumvi kisomeke kama 1.025. Maji yakipungua kwa joto ongeza maji baridi yasiyo na chumvi, mimi natumia ya mvua, kwa sababu kinachoruka ni maji na chumvi inabaki. Usitie maji ya bomba yenye klorini, yanaua bakteria. Chujio usilioshe kwa sabuni, lisuuze kwenye maji ya tangi lenyewe. Weka pampu ya betri kwa ajili ya umeme kukatika. Na kama huna wiki sita, nunua ua la plastiki, hutakuwa na dhambi.

Yule mwali je? Watu walikwenda wakauliza. Halikutoka jambo la kutisha. Kijana alikuwa na deni la pembejeo za korosho, na aliona haya kulisema, akataka aoe kwanza alieleze baadaye. Wakakaa wazee wa pande mbili, wakalizungumza, harusi ikasogezwa mpaka korosho zilipouzwa. Gauni lake nililipunguza kiuno mara moja na kuliongeza mara moja, maana miezi saba si kidogo. Siku ya kuja kulichukua alikuja na mama yake. Yule mama hakuniambia lolote kuhusu ile simu. Alikaa mbele ya tangi muda mrefu, akaniuliza hawa samaki wanakula nini.

Ndoa si tangi, na mume si kifuu, najua. Unaweza kungoja mwaka mzima na bado ukapata mtihani, na wako waliooana kwa wiki moja na wanazeeka pamoja. Majaaliwa ni ya Mwenyezi Mungu. Mimi nasema tu, ewe unayeolewa, usiogope kuonekana una tangi tupu. Mvumilivu hula mbivu. Waache wacheke wakila pilau yako. Wewe pima.

Mwenyezi Mungu awape wachumba wa kheri, na awatie subira ya kuwajua. Amin.